Kebo ina kinga, mbona sensa bado inarukaruka?

Swali: Mhandisi, sensa yetu ya presha hupeleka mkondo wa miliampia 4 hadi 20 kwenye PLC (kompyuta ndogo ya kuongoza mitambo). Mota ya pampu, inayoendeshwa na draivu ya VFD (kifaa cha kubadilisha kasi ya mota), ikiwaka tu, usomaji unarukaruka, ikizimwa unatulia. Kebo ya sensa ina wavu wa kinga. Nimeusokota na kuufunga kwenye ethi upande wa kabati. Tatizo liko wapi?

Jibu: Mhusika umeshamwona, fundi: ni draivu. Transista zake hukata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mara volti hupanda ndani ya muda usiofika hata maikrosekunde moja. Mpando huo wa ghafla ndio unaozaa kelele za umeme za megahezi kadhaa, yaani mitetemo isiyotakiwa ya mamilioni ya mara kwa sekunde.

Sasa tazama huo msokoto wako. Kwa umeme wa hezi 50 hauna neno. Kwa megahezi ni kikwazo, kwa sababu sentimita 10 za waya zina induktansi (hali ya waya kupinga mabadiliko ya mkondo) ya karibu nanohenri 100, na kwa megahezi 10 hiyo ni zaidi ya omu 6. Kelele haiwezi kushuka kwenye ethi kwa njia hiyo, basi inaingia kwenye nyaya za sensa. Chuna ganda la nje, uache wavu ukiwa mzima, kisha ubane pande zote kwa klampu ya chuma juu ya bamba la kabati. Bamba likwanguliwe rangi kwanza. Rangi ni kihami, na wengi hulisahau hilo.

Lakini mimi ningeanza na kebo ya mota, maana huko ndiko kelele inakotoka. Nayo iwe na wavu, uliobanwa hivyohivyo kwenye draivu, na kwa glandi ya chuma (kibanio cha kebo inapoingia) kwenye mota. Ncha zote mbili, bila mjadala. Hapo mkondo wa kelele hurudi kwenye draivu kupitia wavu badala ya kutangatanga kwenye vyuma vya jengo. Waya wa ethi wa usalama ubaki palepale. Wavu hauchukui nafasi yake. Na kabla ya kugusa, zima umeme na usubiri muda ulioandikwa kwenye draivu, kwani kapasita zake (sehemu zinazohifadhi umeme) hubaki na chaji ya kuua.

Kwa kebo ya sensa, kufunga ncha moja ni sawa: ukifunga mbili na ethi zikatofautiana volti, mkondo wa hezi 50 utapita kwenye wavu. Kelele ikibaki, funga ncha ya pili kupitia kapasita ya nanofaradi 10. Inapitisha megahezi na karibu kuzuia kabisa hezi 50.

Hujasema kebo hizi mbili zinapita wapi. Kama zinalala trei moja, jaribu hili kabla ya kununua chochote: tandaza kwa muda kebo nyingine ya sensa mbali na ile ya mota, kisha washa pampu. Usomaji ukitulia, zitenganishe angalau sentimita 30, na zinapolazimika kukutana zikatane kwa pembe mraba.