Yadi 52 za bendera, na mke anayekaa mbali

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani. Kwa tajiri anayeniuzia vitambaa kuna picha ya hekalu lenye mnara mrefu, na juu yake bendera ndefu kupita kiasi. Anasema ni Dwarka, kwao Gujarati, India, na bendera ile ni yadi 52. Akaongeza kwamba mke wa huyo mungu hakai humo, ana nyumba yake mbali. Ni kweli, au nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?
Fundi, Barabara ya 12

JIBU: Marahaba, fundi. Hukutaniwa. Ni yadi 52 kweli. Wewe unayepinda khanga kila siku piga hesabu: ni kama doti 15 na ushei, zimeungwa zikapandishwa mnarani. Wala si kwa sikukuu tu. Kwa desturi hubadilishwa mara kadhaa kila siku, na kila moja hutolewa na familia iliyosubiri zamu yake muda mrefu. Huja na ngoma, bendera iko kichwani, wanacheza mpaka uani. Kuipandisha si kazi yao. Ni ya Wabrahmini, tabaka la makuhani wa Kihindu, wa ukoo wa Aboti, wanarithishana. Siku niliyomwona mmoja akikwea, mimi shingo iliniuma kwa kutazama juu, na mama mkwe wangu alifumba macho mpaka mtu aliposhuka.

Hiyo 52 ina hesabu yake: vituo 27 vya mwezi, buruji 12, sayari 9 na pande 4 za dunia. (Wenye falaki zao hapa Tanga watanisahihisha kwamba manazili ya mwezi ni 28. Kwa Wahindu ni 27.) Katika kitambaa huchorwa jua na mwezi, maana yake Krishna, huyo mungu mwenye hekalu, atakuwepo maadamu hivyo viwili vipo.

Hekalu lenyewe lina ghorofa tano juu ya nguzo 72. Lililotangulia lilivunjwa miaka ya 1470 na Sultani Mahmud Begada. Hili la sasa ni la karne ya 15 na 16. Unaingia kwa lango la kaskazini, Moksha Dwar, la ukombozi. La kusini ni Swarga Dwar, la peponi, nalo linakuteremsha ngazi 56 hadi mto Gomti, pale unapokutana na bahari. Ndani kabisa mna chumba kidogo, na humo yumo Krishna wa jiwe jeusi, mikono minne, amevishwa kifalme. Hulishwa, hubadilishwa nguo, na mchana pazia hufungwa apumzike. Ukichelewa utangoja mpaka alasiri kama wenzako. Wapo pia kaka yake Balarama, mwanawe Pradyumna na mjukuu wake Aniruddha, kila mmoja na mahali pake. Ninachokipenda mimi ni kibanda cha mama yake, Devaki: kimeelekezwa kwa mwanawe moja kwa moja. Mtoto ni mfalme, lakini mama hamwondolei jicho.

Sasa mke. Rukmini ana hekalu lake kama kilomita mbili nje ya mji. Wanasimulia kwamba yeye na mumewe walimwalika mtawa Durvasa, mtu wa hasira za karibu, naye akakubali kwa sharti kwamba wao wenyewe wavute gari lake. Njiani Rukmini akashikwa na kiu. Krishna akakandamiza ardhi kwa kidole cha mguu, maji ya Ganga, mto mtakatifu wa Wahindu, yakabubujika, bibi akanywa. Hakumkaribisha mgeni kwanza! Durvasa akamlaani akae mbali na mumewe. Mpaka leo sadaka inayopendwa pale ni ya maji. Mimi naona adhabu ilizidi kosa. Mtu amefungwa nira kama punda, akinywa funda moja anaachishwa mume? Mama mkwe alinikemea kwa kusema hivyo, tena palepale uani.

SWALI: Jirani amenialika kwenye arati ya jioni, ibada yao ya taa, katika hekalu la hapa mjini. Mimi si Mhindu. Nifanyeje, na nikipewa chakula nile?
Mama wawili, Chumbageni

JIBU: Nenda, dada. Vaa nguo ya heshima, keti chini, usinyooshe miguu kuelekea sanamu. Wakizunguka, wafuate: mungu hubaki upande wako wa kulia. Taa ikipitishwa, wenzako watapitisha viganja juu ya moto na kujigusa uso. Usipotaka, tulia tu. Prasadi hupokewa kwa mkono wa kulia, ila hicho ni chakula kilichotolewa kwa mungu kwanza. Kama imani yako haikuruhusu, mwambie jirani kabla hamjatoka nyumbani, isiwe aibu mbele za watu. Na viatu viweke mbali kidogo na mlango. Kandambili zinafanana, na arati ikiisha kila mtu ana haraka.