"Quite" si "kabisa" kila mara

Swali: Natafsiri ripoti za shule kutoka Kiingereza. Mwalimu mmoja Mwingereza ameandika kuwa kazi ya mwanafunzi ni "quite good", nami nikaweka "nzuri kabisa". Mwenzangu anadai nimemkweza mtoto, lakini kamusi inaniambia "quite" ni kabisa. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Mwenzako yuko sahihi, ingawa kamusi nayo haikudanganya. "Quite" ni jamaa ya "quit", neno lililohusu mtu aliyekwisha lipa deni lake, hadaiwi tena. Ndiyo sababu maana yake ya kale ni kabisa, na maana hiyo bado inashika pale ambapo jambo halina daraja. Mtungi ama ni mtupu ama si mtupu. Basi "quite empty" ni mtupu kabisa, na "quite impossible" ni haiwezekani kabisa.

Uzuri, uchovu na baridi vina ngazi. Hapo "quite good" ya Mwingereza mara nyingi hupunguza sifa, ilhali ya Mmarekani hukaribia nzuri sana. Kwa hiyo tazama kwanza nani kaandika. Kwa mwalimu wako ningeweka "nzuri kiasi" au "si haba". Naipenda "si haba" hapa, maana inamsifu mtoto bila kumpandisha asikofika. Na "quite a few people" ni watu wengi tu. Hiyo "tu" yetu ndogo inatosha.

Kinachonisumbua zaidi ni ukanushi, na hapo utata ni wa Kiswahili chenyewe. "Not quite recovered" ni mgonjwa aliyebakiza kidogo apone. Ukiandika "hajapona kabisa", msomaji mmoja ataelewa kuwa anaendelea vizuri ila bado kidogo, mwingine ataelewa hajapata hata nafuu. Katika mazungumzo sauti hutuokoa, tena msemaji anaweza kulitanguliza neno "kabisa" akitaka maana ya pili: "kabisa hajapona", na hapo hakuna wa kukosea. Kwenye karatasi sauti haipo, na barua kama hiyo ikifika kwa ndugu walio mbali inaweza kuwafanya wafunge safari usiku, au wakae wakati walipaswa kuja. Mimi huandika "hajapona sawasawa" kwa maana ya kwanza, na "hajapona hata kidogo" kwa ya pili.