Maswali yenu kuhusu kanisa la Taüll

Kanisa la Sant Climent liko Taüll, kijiji cha bonde la Boí, ndani kabisa ya milima ya Pirenei upande wa Catalonia, Hispania. Haya ndiyo mliyoniuliza juu yake.

Umri wake umejulikanaje?

Wenyewe waliuandika. Nguzo moja ilipakwa maandishi ya Kilatini: mwaka 1123, Desemba 10, Askofu Ramon wa Barbastro alilitabaruku kanisa hili kwa heshima ya Mtakatifu Klementi, akaweka altareni masalia ya Mtakatifu Kornelio. Kesho yake akatabaruku la pili, Santa Maria, kijijini humo humo. Siku mbili, makanisa mawili, na ni Desemba milimani!

Bonde la wafugaji lilipata wapi fedha?

Kwa mabwana wa Erill waliolitawala. Walipigana upande wa Mfalme Alfonso wa Kwanza wa Aragon dhidi ya watawala Waislamu wa kusini, na ngawira ya vita ikageuka mawe na minara.

Nimesoma kwamba michoro yake iko Barcelona. Ukuta unahamishwaje?

Hauhamishwi ukuta, inabanduliwa rangi. Fundi hupaka gundi juu ya mchoro na kubandika kitambaa. Gundi ikikauka hujikunja na kuing'ang'ania rangi, kisha kitambaa huvutwa taratibu, nayo rangi hutoka nacho. Kati ya 1919 na 1923 mafundi kutoka Italia waliifanya kazi hiyo katika makanisa ya Pirenei. Vitambaa vilikunjwa, vikashushwa migongoni mwa nyumbu, na huko Barcelona rangi ikabandikwa upya.

Iliniuma nilipolijua hilo mara ya kwanza. Lakini wanunuzi walikuwa wameshafika: michoro ya Santa Maria de Mur, kanisa jingine la Catalonia, iliuzwa na leo iko Boston, Marekani. Bila uamuzi ule wa kuihamishia michoro Barcelona, Kristo wa Taüll mwenye macho makubwa na kitabu kilichoandikwa "Mimi ni nuru ya ulimwengu" angeweza kuvuka bahari vilevile. Kwa hiyo nawatetea waliombandua, ingawa bonde lililipa gharama.

Ukifika kwenye jumba la makumbusho la Barcelona, usiishie kwa Kristo. Mtafute Lazaro maskini, amekaa mlangoni kwa tajiri, mbwa akimlamba vidonda. Naamini wafugaji wale walimtazama huyo kuliko malaika wote.

Basi kanisani kumebaki nini?

Kuna mnara wa kengele wa ghorofa sita, nguzo nene za mawe, paa la mbao, na mabaki machache ya rangi ya asili ambayo kitambaa hakikuyachukua. Tangu 2013 taa huwashwa mbele ya ukuta wa altare, na mchoro mzima hurudi kwa mwanga mahali pale pale ulipochorwa, kwa dakika chache.