Ningeenda na Wifi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: ukipata nafasi katika mashindano ya runinga ya kusafiri kwa timu za watu wawili, kama The Amazing Race ya Marekani, utamchukua nani, na yakiletwa mkoani kwako ungetaka yapite wapi?

Naanza na la kwanza. Ningeenda na wifi yangu, dada wa mume wangu, mfanyabiashara wa viazi mviringo hapa Uyole, Mbeya. Mume wangu atalisoma jibu hili na najua atanuna kidogo. Avumilie. Ni mtu mwema, ila akipotea njia hashushi kioo kuuliza, na mchezo wenyewe ni wa kuuliza.

Kwa ambaye hajawahi kuyaona: yalianza kurushwa Septemba 2001 kwenye kituo cha CBS, na mtangazaji wake tangu siku hiyo ni Phil Keoghan wa New Zealand, yule bwana wa kupandisha nyusi moja kabla hajakwambia kama umepona au umetolewa. Timu zinazunguka dunia kwa kufuata bahasha. Bahasha inakutuma mahali, ukifika unakuta kazi. Kazi nyingine mnachagua moja kati ya mbili. Nyingine lazima ifanywe na mmoja wenu peke yake, mwenzake akae pembeni atazame. Simu hakuna. Hela ya matumizi mnapewa kiasi na mnajipangia wenyewe. Mara nyingi anayefika wa mwisho anafungasha virago, na wanaomaliza wa kwanza safari yote wanabeba dola milioni 1.

Watu wakitazama wanahangaika na yule anayefanya kazi: anaogopa urefu, amekwama kwenye fumbo, anatapika chakula cha watu. Mimi macho yangu huwa kwa yule aliyekaa pembeni. Yeye ndiye anayevunja timu. Anamwona mwenzake anakosea, haruhusiwi kumsaidia, timu nyingine zinapita, na mdomo anao. Atakachokisema dakika hiyo ndicho watakachosafiri nacho kwenye ndege usiku mzima.

Ndiyo maana msimu wa 29, ulioonyeshwa mwaka 2017, naupenda kuliko mingine. Waandaaji walichukua watu 22 wasiojuana, wakawaambia wachaguane hapo hapo mwanzoni, zikapatikana timu 11. Hakuna mume na mke, hakuna pacha, hakuna baba na mwana. Niliutazama na wifi kwenye kompyuta ya shemeji, aliyekuwa ameupata kwa flashi kutoka kwa rafiki yake, nasi tulikuwa tumejipanga na karanga zetu. Kulikuwa na Brooke, mwanasheria, na mwenzake Scott. Wale wawili walibishana kuanzia bara moja hadi jingine. Brooke alilalamika, Scott akamjibu, Brooke akalalamika kwamba amejibiwa. Kulikuwa pia na Floyd na Becca, watoto wa furaha, wanacheka hata wakiwa nyuma. Mimi nilikuwa upande wa Floyd na Becca, kama kila mtu mwenye moyo. Wifi alikuwa anamenya karanga, akasema bila kuinua macho, "Hao wanaogombana ndio watakaochukua hela."

Floyd na Becca waliishia Vietnam, Floyd alipozidiwa na joto. Brooke na Scott walimaliza wa kwanza Chicago.

Nikamuuliza wifi alijuaje. Akaniambia wale hawadaiani kitu. Wakigombana kuhusu kona waliyoikosa, wanagombana kuhusu kona. Mume na mke wakikosa kona, kinachotoka mdomoni ni kona, lakini kinachogombaniwa ni mahari ambayo haikuisha, mgeni aliyekaa miezi mitatu, na ile simu iliyopigwa usiku. Viporo vyote vinapashwa moto siku hiyo hiyo, mbele ya kamera.

Mtaniambia mume na mke hushinda pia, na ni kweli. Chip na Kim McAllister walishinda msimu wa 5, mwaka 2004. Lakini tazameni ni nani waliyemwacha nafasi ya pili: Colin na Christie, wachumba, vijana, wenye nguvu na mbio kuliko wote msimu ule. Msimu huo ulipita hapa kwetu Tanzania, na hapa ndipo Colin alipogombana na dereva wa teksi. Tairi lilipata pancha njiani, Colin akaona nauli waliyopatana ipunguzwe, dereva akaona nauli ni nauli, wakafikishana hadi polisi. Dereva wa Kitanzania na nauli mliyokwisha kupatana! Wifi alipohadithiwa kisa hiki alicheka hadi akakohoa. Anayejua barabara zetu anajua kwamba pancha ni ya wote wawili, mnashuka, mnashika jeki, mnapiga stori, safari inaendelea. Colin angemsaidia yule baba kufungua nati angefika mapema na pengine angepunguziwa bila kuomba.

Ninachokipenda ni kwamba wale wawili walirudi msimu wa 31, mwaka 2019, wakiwa tayari wana watoto, na wakashinda. Miaka 15 baadaye. Mwili wa mtu hauongezeki kasi kwa miaka 15. Walichopunguza ni maneno.

Sasa mimi na wifi. Tuligombana kweli, si utani, kuhusu michango ya harusi ya mdogo wao. Yeye alikuwa mweka hazina wa kamati, mimi nilikuwa upande wa sare, na sitaeleza zaidi kwa sababu mama mkwe naye husoma. Tulikaa msimu mzima wa mvua bila salamu. Halafu siku moja akaja kwangu na gunia la viazi, akaketi jikoni, akasema yote aliyokuwa nayo. Nami nikasema yangu. Hatukuombana radhi kwa machozi. Tuliyamaliza, tukamenya viazi. Tangu hapo tunagombana kwa haraka sana: yanatoka, yanaisha, kazi inaendelea. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtaka akae pembeni wakati mimi nimekwama.

Halafu ana kipaji cha kuuliza, na hapa sitii chumvi. Ukitazama mashindano yale utaona washindani wanaruka kutoka kwenye teksi na kumvamia mtu wa kwanza barabarani, "Wapi? Wapi?", salamu hakuna, mama wa watu anashtuka na kapu lake. Wifi hununua viazi Isyonje na kuvipeleka Tunduma, wakati mwingine wateja wake wanavivusha hadi Nakonde upande wa Zambia, kwa hiyo maisha yake ni kuuliza: bei, barabara, gari la nani linarudi tupu. Anaanza na salamu. Njombe ni kamwene, Tukuyu ni ugonile, na anasubiri aitikiwe. Haulizi mtu mmoja. Anamuuliza mama muuza ndizi, bodaboda, na mlinzi wa duka, kisha anafuata pale wawili wanapokubaliana. Kama mmojawapo ni mpiga debe, huyo hamhesabu.

Kuna kanuni moja ya mashindano ambayo nisingeipenda. Waliileta mwaka huo huo wa 2004: kwenye hatua ambayo hatolewi mtu, waliofika wa mwisho walinyang'anywa hela zote, waanze hatua inayofuata mikono mitupu. Maana yake unamwona mtu aliyekuja na ndege, anayewania dola milioni, anamwomba nauli muuza mchicha. Nilipomuuliza wifi angefanyaje akinyang'anywa hela pale sokoni Mwanjelwa, alinishangaa. "Si kuna mizigo ya kubeba?"

Swali la pili ni njia. Hapa nina neno na waandaaji. Wamekuja Tanzania zaidi ya mara moja: 2004 upande wa Kilimanjaro na Manyara, 2007 Zanzibar, 2012 Ngorongoro, 2017 Zanzibar tena. Mwaka 2011 walifika hadi Malawi. Malawi! Wangepanda tu kaskazini na kuvuka Mto Songwe pale Kasumulu wangekuwa Kyela, wanakula wali. Nyanda za Juu Kusini, ukiacha Ruaha, hatuna tembo wa kupigia picha barabarani wala fukwe za hoteli, nadhani ndiyo sababu. Lakini mashindano hayatafuti raha. Yanatafuta mahali pa kumchanganya mtu, na sisi tunapo.

Ningewaanzishia stesheni ya TAZARA hapa Mbeya. Reli ile ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa Wachina, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na anayeitumia anajua kwamba ratiba yake ni ya kukisia. Washindani waliozoea kukimbia wangekaa kwenye benchi na mizigo yao, wakisubiri. Kukaa tu. Nina hakika timu mbili zingeachana hapo kabla ya bahasha ya kwanza kufunguliwa.

Kutoka hapo wateremke Kyela, na wavae wanavyojua wenyewe, kwa sababu utapita Isyonje unatetemeka ndani ya sweta na saa chache baadaye unajipepea kwa daftari. Kyela ndiyo kazi yangu kuu. Unapangiwa mafungu ya mchele mezani. Moja ni mchele wa Kyela halisi, mengine ni ya kwingine au yamechanganywa kijanja. Chagua. Huruhusiwi kupika. Unashika, unanusa, unatafuna punje mbichi. Nawaambia mtu wa Dar angekaa pale hadi jioni, maana miaka yote amekuwa akiuziwa gunia lililoandikwa Kyela ambalo Kyela halikufika. Wifi angemaliza kabla bahasha haijakunjwa.

Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ningefanya mimi. Wakisi wa Ikombe wanafinyanga vyungu, vinaletwa kwa mitumbwi na kuuzwa soko la Lyulilo. Ubebe vyungu kichwani juu ya mchanga, kikivunjika kimoja unarudi kuanza. Wifi shingo haimruhusu, amebeba vya kutosha ujanani. Angekaa pembeni, na najua angesema nini: angeniambia nitazame mbele, basi, anyamaze.

Kazi ya kuchagua kati ya mbili ningeiweka Uyole: ama uparue viazi, uvichambue vikubwa kwa vidogo na kupanga debe, ama ushone gunia la lumbesa, lile lenye kilemba juu kilichofungwa kwa wavu wa kamba. Tatizo ni kwamba lumbesa ni kosa, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wangewakamata Wamarekani mbele ya kamera zao. Labda washone halafu wafundishwe kulipunguza. Wakulima wangefurahi kuliona hilo kuliko mtu yeyote, maana kilemba kile ni jasho lao lisilolipwa. Wifi ananunua kwa mizani siku hizi, ninamtetea hapa ili asije kuniuliza.

Kitulo nisingewapeleka kukimbia. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005, uwanda wa maua juu kabisa, wenyewe wanaita Bustani ya Mungu, na watu wanaoharakia bahasha wataikanyaga. Wapite kando. Kimondo cha Mbozi wanaweza kukizunguka wapendavyo, chuma kile cha tani nyingi hakiharibiki kwa kukanyagwa. Daraja la Mungu kule Rungwe, Isimila, na Kalenga kwa Mkwawa kwa wale watakaofika Iringa: hayo kila kitabu cha watalii kinayo, sitawachosha.

Mkeka wa mwisho, ule wa kumalizia mashindano anaposimama Phil, uwekwe Iringa wakati wa ulanzi, pombe ya mianzi. Anayefika anakaribishwa bilauri kabla hajaambiwa amekuwa wa ngapi. Phil naye anywe, tuone kama nyusi itapanda.

Nilimsomea wifi jibu hili kabla ya kulituma. Hakusema lolote kuhusu sifa nilizompa. Aliuliza dola milioni inagawanywaje, akisema yeye ndiye atakayeongea njia nzima, kwa hiyo anastahili sitini na mimi arobaini. Nikamwambia vyungu je? Akasema vyungu ni vya siku moja. Nimesimama kwenye nusu kwa nusu. Yeye ameshuka hadi hamsini na tano, na ameondoka kwenda Tunduma, akirudi tunaendelea.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya