Kabla ya kumhamisha mtoto, jueni kwanza anacholilia

Dada yangu, nimeisoma mada yako mara mbili. Mwanao ana miaka 3 na nusu, ameanza darasa la awali Januari hii katika shule ya mchepuo wa Kiingereza, na hii ni wiki ya nne analia kila asubuhi, anatapika ndani ya gari la shule, na jioni hasemi kilichomsibu. Shemeji anataka mmhamishe, mama mkwe anasema mmemdekeza, na mwalimu anawaambia mwacheni, atazoea. Naomba nikueleze yaliyotupata sisi hapa Tabata Segerea, kwa sababu kauli zote hizo tatu zilisemwa hata nyumbani kwetu, nyingine kwa kinywa changu mwenyewe, kabla hatujajua mtoto ana shida gani.

Binti yetu alianza akiwa na miaka 4. Wiki ya kwanza alikwenda akicheka, nasi tukajigamba kwa majirani. Wiki ya pili akaanza kulia getini, na kufikia wiki ya tatu kilio kilianza usiku, pale tu alipoiona sare imepigwa pasi na kutundikwa. Chupa yake ya maji ikawa inarudi imejaa kama ilivyoondoka. Hilo la chupa tuliliona kila siku na hatukulitia maanani. Mke wangu alidhani kifuniko kinamshinda, akamnunulia chupa nyingine, nayo ikarudi imejaa.

Mimi nilifuata njia ya kipolisi. Kila jioni nilimkalisha kwenye kochi nikamhoji: nani kakupiga, nani kakunyang'anya chakula, mwalimu kakufanya nini? Siku ya kwanza alisema hakuna. Siku ya pili alimtaja mtoto mmoja, nami kesho yake nikaenda shuleni nimefura, nikamlalamikia mwalimu, na ikabainika kwamba mtoto huyo alikuwa kwao wiki nzima akiugua tetekuwanga. Niliomba radhi na kuondoka kwa aibu. Tangu hapo naamini kwamba mtoto wa umri huo, ukimuuliza swali ambalo limekwisha kubeba jibu lake, atakupa jibu hilo hilo ili umwachie akacheze.

Aliyetufumbua macho ni bibi yake mzaa mama, aliyekuwa amekuja kutoka Korogwe kutibiwa macho. Yeye hakuuliza chochote. Alasiri moja alikaa na mjukuu wake mkekani akamwambia, "Leo wewe ndiye mwalimu, mimi mwanafunzi." Mtoto akapanga mito iwe wanafunzi wengine, akashika mwiko, akaanza kufundisha. Baada ya muda bibi akanyoosha mkono: "Mwalimu, nataka kwenda kukojoa." Mtoto akamkazia macho: "Sema kwa Kiingereza." Bibi akajibu kwamba hakijui. "Basi kaa." Mke wangu alikuwa jikoni akisonga ugali, alizima jiko na kuja kusimama mlangoni.

Tulipounganisha mambo, ilikuwa hivi. Shule ilikuwa na utaratibu kwamba darasani huzungumzwa Kiingereza peke yake, na watoto walifundishwa sentensi ya kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Siku moja binti yangu aliisahau katikati, wenzake wakacheka, na hakuomba tena. Gari lilimchukua saa 11:40 alfajiri na kumrudisha karibu saa 8 mchana, na muda wote huo alikuwa amebana mkojo. Baadaye aligundua mwenyewe kwamba akinywa maji mateso yanazidi, kwa hiyo akaacha kunywa. Zile homa ndogo ndogo tulizosema ni uchovu, na ambazo kipimo cha malaria kilikuwa kimeonyesha hana, zilipelekea kipimo cha mkojo, akakutwa na maambukizi ya njia ya mkojo. Daktari alituandikia dawa, akatuagiza anywe maji ya kutosha na aende haja kila baada ya saa chache, akatueleza kwamba mkojo uliokaa muda mrefu kwenye kibofu huwapa vijidudu nafasi ya kuzaliana.

Nilirudi shuleni, safari hii bila hasira, nikaomba kuona choo. Kilikuwa kisafi, sina la kulalamika. Lakini kilikuwa cha kuchuchumaa, sakafu imemwagiwa maji, mlango mzito, na nyumbani kwetu tuna choo cha kukaa. Binti yangu hakuwahi kuchuchumaa chooni maishani mwake. Mimi niliyekulia kwenye choo cha shimo, ambacho usiku tulikwenda na kibatari, sikuwaza hata siku moja kwamba jambo hilo linaweza kumtisha mwanangu. Tulikwenda kumfundishia kwa jirani, jioni tatu mfululizo, mpaka akaacha kuogopa kuteleza.

Mwalimu wake, ambaye nilikuwa nimemhukumu bure, alikuwa na watoto 41 na msaidizi mmoja, wakati kiwango kilichowekwa kwa madarasa ya awali ni watoto 25 kwa mwalimu. Aliniambia, "Baba, anayelia namwona. Aliyenyamaza hunipita." Tukakubaliana mambo mawili: matroni awapeleke watoto wote chooni kwa pamoja, mara tatu kwa siku, bila kusubiri aombe mtu, na haja iombwe kwa lugha yoyote. Mwalimu mkuu alisita kwa hilo la pili, akisema wazazi wanalipia Kiingereza. Nikamwambia mimi pia nakilipia, ila sikulipia mtoto akojoe kwa Kiingereza. Akacheka, akakubali. Katika shule nyingi za Serikali darasa la awali hufundishwa kwa Kiswahili, na shida ya namna hii haiwapati watoto wa huko, ingawa wana shida zao za msongamano.

Sasa nije kwenye kutapika kwa mwanao. Sisemi kwamba hana huzuni, lakini umeandika kwamba anatapika ndani ya gari, siyo nyumbani wala darasani, nami ningeanza na gari. Gari letu lilizunguka Segerea, likaingia Kisukuru, likaenda Kimanga, likageuza. Ni saa moja na nusu barabarani kwenda shule ambayo kwa bajaji hufikika kwa dakika ishirini. Mtoto ameamshwa saa 11 kamili, amemeza chai ya maziwa na chapati huku amefumba macho, kisha anakaa kiti cha nyuma penye mitikisiko na madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Hata mtu mzima angetapika. Jaribu wiki moja kumpeleka mwenyewe, aondoke na tumbo jepesi na uji aunywee shuleni, uone kama kutapika kutaendelea. Sisi tulichangia bajaji na jirani mwenye watoto wawili, na gharama haikupita sana ile ya gari la shule.

Kuhusu kuagana, nilikuwa na kosa ambalo pengine na ninyi mnalo. Nilimsubiri atazame pembeni, nikachomoka. Matokeo yake alianza kunishikilia hata nikienda dukani, maana hakujua ni wakati gani nitatoweka. Mwalimu alinielekeza niage waziwazi, kwa ufupi, nimwambie nitarudi baada ya tukio analolijua, kama vile baada ya chakula, kisha niondoke bila kurudi nyuma hata akilia. Siku za mwanzo huniumiza moyo kuzikumbuka.

Kauli ya mwalimu wako kwamba atazoea ni ya kweli kwa watoto wengi, na wiki nne bado si muda wa kutisha. Lakini muulize akueleze kilio kinaisha lini baada ya wewe kuondoka. Mtoto anayenyamaza kabla ya uji na kwenda kucheza hana shida sawa na yule anayekaa kimya peke yake hadi saa ya kurudi. Uliza pia kama anazungumza na mtu yeyote pale, kama anakula, kama anakwenda chooni. Ukiona homa zinamrudia, anaumia akikojoa, au ameanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha, mpeleke hospitali kwanza. Na akionyesha kumwogopa mtu mmoja mahususi, au akiwa na alama mwilini, au akikataa kabisa kuguswa sehemu fulani, achana na ushauri wangu wote wa hapo juu. Hilo halisubiri uvumilivu wala michezo ya mkekani: nendeni hospitali, ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi, au pigeni namba 116 ya kusaidia watoto.

Kwa mama mkwe sina mengi, ila usimjibu kwa ukali. Bibi wa kwetu naye alikuwa ameanza na maneno hayo hayo ya kudekeza kabla ya kukaa mkekani, na pengine wa kwenu ana uwezo huo huo akiombwa.

Kwa shemeji: kumtoa si fedheha. Elimu ya awali ya lazima ni mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza, kwa hiyo mtoto wa miaka 3 na nusu akipumzika nyumbani hadi Januari ijayo hajachelewa chochote, hata kama awamu ya kwanza ya ada imeshalipwa na hairudi. Ninachokiogopa ni kumhamisha kabla ya kujua sababu, kwa maana kama ni choo, choo kipo kila shule, na kama ni gari, shule mpya nayo italeta gari lake.

Binti yangu hakunyamaza mara moja. Aliendelea kulia Jumatatu hadi masika ilipokaribia kwisha, kisha siku moja hakulia, nasi hatukusema neno. Chupa ilikuwa imekwisha kuanza kurudi tupu wiki kadhaa kabla ya hapo.

Basi fanya hivi: wiki hii nenda shuleni saa nne, wakati wa mapumziko, bila mtoto kukuona, na uombe kuonyeshwa choo, chupa yake na kiti anachokaa kwenye gari. Utakachokiona kilete hapa, tuendelee.