Fundi Umeme Anajibu: "Swichi ya taa ya tatu hii, nayo imeanza kunuka"

SWALI: Shikamoo mjomba fundi. Nina Hilux ya dizeli ya mwaka 1993, kabini moja. Msimu wa kupulizia mikorosho nabeba salfa kupeleka mashambani, korosho zikianza kushuka nabeba magunia kupeleka ghalani. Shida yangu ni taa. Nikiwasha dimu, mwanga wa chini, zinawaka vizuri, nikienda kama nusu saa zinazimika zote mbili kwa pamoja. Nikipiga fulu, mwanga wa mbali, zinawaka. Nikiutikisa mkono wa swichi dimu inarudi, nikiingia kwenye shimo inaondoka tena. Fundi wa kwanza alisema balbu zimechoka, akaniwekea za wati 100/90. Mwanga ulikuwa mzuri wiki moja tu, kisha usukanini kukaanza kutoka harufu ya plastiki inayoungua. Nikanunua swichi ya mtumba, haikumaliza msimu. Sasa nina ya tatu, nayo inanuka vilevile. Kuna mtu ananishauri nifunge swichi ya ukutani kwenye dashibodi, niachane na mateso. Unasemaje?
Msomaji, Tandahimba

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Hiyo swichi ya ukutani iache dukani kwanza, nitairudia.

Barua yako ina jibu ndani yake. Umesema dimu huzimika zote mbili kwa pamoja, na fulu hubaki. Balbu mbili haziwezi kuungua sekunde moja na kufufuka sekunde moja, kwa hiyo balbu hazihusiki na yule fundi wako alikuuzia kitu usichokihitaji. Fyuzi nazo hazihusiki: kwenye Hilux za miaka hiyo taa ya kushoto ina fyuzi yake na ya kulia ina yake, na kila fyuzi hulisha dimu na fulu ya upande wake. Fyuzi ingekatika, upande mmoja ungekufa wote. Kinachokufa kwako ni dimu ya pande zote mbili, na mahali ambapo dimu za pande zote hukutana ni sehemu moja tu: pointi ya dimu (pale shaba inapogusa shaba) ndani ya swichi ya usukani, na waya wa dimu unaoingia hapo.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapotea, hata wenye miaka mingi kuliko mimi. Pikapu nyingi za Toyota za zamani hazikati taa upande wa moto, ule unaoleta umeme kutoka betri; zinakata upande wa ethi, ule unaourudisha kupitia bodi ya gari. Ukiwasha, rilei (swichi inayovutwa na umeme mdogo) inapeleka moto moja kwa moja kwenye balbu, na swichi ya usukani kazi yake ni kuchagua waya upi uguse bodi, wa dimu au wa fulu. Mtu aliyezoea gari nyingine akija na testa yake, ile taa ya kupimia umeme, anakuta moto kila mahali, anachanganyikiwa, anaanza kubadilisha vitu.

Ukitaka kuhakikisha kabla ya kufungua usukani, chomoa plagi za balbu zote mbili. Sisitiza zote mbili, maana ukiacha upande mmoja, moto utapita kwenye balbu iliyobaki na kurudi kwa waya mwingine, testa itakudanganya. Washa dimu, testa uibane kwenye bodi, gusa matundu matatu ya plagi moja. Badilisha iwe fulu, gusa tena. Kama ni tundu lilelile moja linalowaka kwa nguvu nyakati zote mbili, gari lako linakata ethi. Mwanga hafifu kwenye tundu la fulu usiujali, unatoka kwenye kitaa cha bluu cha dashibodi. Kisha rudisha plagi, washa dimu, na kwa mita pima kati ya waya wa dimu na bodi. Swichi nzima itakupa chini ya nusu volti. Ya kwako nadhani itakupa volti 2, na ikiisha kupata joto itapanda zaidi.

Volti 2 zinaonekana kidogo. Hebu tuzipigie hesabu. Balbu mbili za wati 55 ni wati 110, gawa kwa volti 12, ni ampea 9. Volti 2 mara ampea 9 ni wati 18. Chuma kidogo cha kuchomelea risasi, kile cha mafundi redio, ni wati 25 au 30. Yaani ndani ya swichi yako ya plastiki umewasha zaidi ya nusu ya chuma cha kuchomelea, na umekiacha kinawaka kuanzia Mahuta hadi Mtwara mjini. Halafu ukaweka 100/90, yaani wati 100 za fulu na 90 za dimu kwa kila balbu. Sasa ampea zimepanda kutoka 9 hadi 15, na joto kwenye pointi ileile halipandi kwa kiasi hicho, linapanda zaidi ya mara mbili na nusu. Ndiyo harufu yako hiyo.

Sasa swali ambalo hukuuliza, na mimi mwenyewe lilinichukua miaka kuliuliza: kwa nini swichi tatu? Toyota hawakutengeneza swichi ya msimu mmoja.

Nilikuwa na mteja kutoka upande wa Newala, nilimuuzia swichi mbili mwaka mmoja. Nilimwambia ni spea mbovu za siku hizi. Nilisema uongo bila kujua. Nilianza kushtuka nilipogundua kwamba magari yanayotoka pwani, ya Msimbati na Mikindani, nikifungua swichi zake nakuta ukungu wa kijani. Hiyo ni chumvi ya bahari, tunaijua. Lakini ya kutoka juu huko, Tandahimba, Newala, Nanyamba, yakija kuanzia Julai, shaba yake ni nyeusi. Nyeusi hata pale ambapo hapajaungua. Nilikuwa nadhani ni moshi.

Aliyenifumbua macho ni mama watoto. Tuna mikorosho kidogo Nanyamba, naye ndiye husimamia kupulizia. Alirudi shambani siku moja bangili yake ya fedha imekuwa nyeusi kama imepakwa masizi, akaanza kumlaani sonara. Bangili haikuwa na kosa. Salfa hula fedha, na shaba huila vilevile, hata bila moto wowote, na unyevu ukiwepo inaila haraka zaidi. Ule unga wa njano tunaoipulizia mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, ndio unaoingia kabini kwako kila mfuko wa kilo 25 unapotupwa juu ya bodi, unajaa kwenye kava la usukani, unalala ndani ya swichi. Ngozi nyeusi inayoota juu ya shaba haipitishi umeme vizuri. Isipopitisha vizuri, inapata joto. Ikipata joto springi inalegea, pointi haikandamizi tena, joto linaongezeka. Swichi mpya utakayoweka leo itaanza safari ileile kesho asubuhi ukipakia salfa na vioo vikiwa wazi.

Kwa hiyo kazi ni mbili: kusafisha, halafu kuipunguzia swichi mzigo.

Kusafisha. Toa waya wa hasi wa betri. Usukani ukiutoa, weka alama kwa kalamu kwenye usukani na kwenye shafti ili urudi ulipokuwa, na usiugonge kwa nyundo kwa mbele; shafti hiyo imeundwa ikunjike kwenye ajali na nyundo inaweza kuiharibu. Ukishaishika swichi mkononi, usiifungue hapo chini ya mwembe. Ndani yake kuna kigololi kidogo cha chuma na springi, na vinaruka. Mimi cha kwanza kilirukia mchangani hapa Magomeni, Mtwara, na sijakiona mpaka leo. Nafungulia ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, mikono yote miwili mfukoni, wateja wanacheka. Wacheke.

Tupa wazo la tupa (samahani kwa maneno). Tupa inakula shaba yenyewe. Chukua msasa laini kabisa, piga kidogo mpaka wekundu wa shaba uonekane, halafu futa kwa kitambaa chenye spiriti, mwisho pitisha kipande cha karatasi ngumu kati ya pointi uking'arisha. Kama pointi imechimbika kama jino bovu, au plastiki inayoishika imeyeyuka na kuinama, swichi hiyo imekwisha, usipoteze muda. Geuza pia plagi ya nyuma ya swichi uiangalie. Ukikuta tundu moja limekuwa kahawia, hapo ndipo joto lilipolala, na ukirudisha plagi hiyohiyo kwenye swichi mpya utaunguza na hiyo. Badilisha kile kibati cha ndani, ukichomelee kwa risasi.

Kupunguza mzigo. Rilei mbili, moja ya dimu na moja ya fulu. Hizi za kawaida zenye namba 30, 85, 86 na 87. Waya wa moto kutoka betri, unene wa milimita 2.5 za mraba au zaidi, upite kwenye fyuzi ya ampea 20 karibu kabisa na betri, uingie namba 30 za zote mbili. Namba 87 ya dimu igawanyike kwenda balbu ya kushoto na ya kulia, kila njia na fyuzi yake ya ampea 10, na ya fulu hivyohivyo. Utaona fyuzi nyingi, lakini moja ikikatika kwenye mteremko wa Newala usiku utabaki na taa moja, badala ya kubaki na dua. Mguu wa tatu wa kila balbu upe ethi mpya, safi, kwenye bodi. Plagi ya zamani ya balbu ya kushoto usiikate: kwenye zile 85 na 86, miguu ya umeme mdogo unaoivuta rilei, peleka waya wake wa moto upande mmoja wa rilei zote mbili, kisha waya wa dimu kwenye rilei ya dimu na wa fulu kwenye rilei ya fulu. Ya kulia ifunge kwa utepe, uifiche. Swichi yako sasa haibebi ampea 9 wala 15. Inabeba kile kidogo tu kinachoivuta rilei, hata ampea nusu hakifiki. Hata ngozi nyeusi ikiota tena itachelewa sana kukusumbua.

Na balbu rudisha 60/55. Najua utanung'unika. Lakini balbu inayopata volti 11 badala ya 13 hupoteza zaidi ya theluthi ya mwanga wake, na wewe ulikuwa unaipa 11. Zikipata umeme wake kamili kupitia rilei, zile 60/55 utazishangaa. Tena nikuulize jambo: huo mwanga mbovu ulikuwa unauona gari likiwa tupu, au likiwa na magunia? Ukipakia nyuma, pua inanyanyuka, taa zinamulika popo juu ya mikorosho badala ya barabara. Hapo hakuna balbu itakayokusaidia, shusha mzigo au shusha taa kwa skrubu zake.

Swichi ya ukutani sasa. Nimezikuta kwenye dashibodi, mbili au tatu, moja ikiwa bado na kibati chake cha ukutani. Tatizo si aibu. Anayefunga hivyo huvuta waya wa moto kutoka betri bila fyuzi, anaupitisha kwenye tundu la bati bila mpira, na barabara za huko unazijua wewe. Waya unasagika, unagusa bodi, na hakuna cha kuukata. Ukifunga rilei kama nilivyosema, swichi yako ya usukani inatosha.

Gharama: rilei mbili, fyuzi na waya wake ukijumlisha hazifiki bei ya swichi moja mpya kwenye maduka ya hapa. Wewe umeshanunua mbili.

Kwa usiku huu, kama lazima usafiri kabla hujatengeneza: dimu ikizima usitikise swichi, kila unapotikisa pointi inapiga cheche. Nenda fulu, na ukiona gari mbele punguza mwendo, washa taa ndogo mpaka mpishane. Msimu ujao salfa ukipakia, funga vioo, na turubai lifike mpaka kwenye kioo cha nyuma.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nabeba samaki wa barafu kutoka feri kwenda Masasi. Nikikanyaga breki, indiketa ya nyuma kushoto nayo inawaka kwa mbali. Nikiwasha indiketa, taa ya breki inapepesa. Nimeshabadilisha swichi ya indiketa. Hakuna mabadiliko.
Msomaji, Mikindani

JIBU: Salama ndugu yangu. Swichi ile ya zamani kama hujaitupa irudishe, ilikuwa nzima.

Taa ya nyuma kushoto imekosa ethi. Umeme wa breki ukifika pale haupati njia ya kurudi, unajipenyeza kwenye balbu ya indiketa kutafuta njia nyingine. Chanzo ni maji ya barafu yako, yana chumvi na yanadondoka hapohapo kwenye kona. Fuata waya wa ethi wa ile taa mpaka kwenye bolti yake, utakuta unga mweupe au wa kijani. Fungua, piga msasa mpaka bati ling'ae, kaza, paka mafuta ya mgando juu yake. Kama bati lenyewe limeliwa, vuta waya mpya kutoka kwenye taa uufunge kwenye chasi. Kisha kagua na upande wa kulia kabla haujaanza, na ule mpira wa kutolea maji ya barafu uurefushe uishie chini ya chasi, katikati ya magurudumu.