Mwili wa mama haujazoea dawa

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61. Alilazwa wiki mbili, akawekewa mpira wa mkojo. Mkojo ulipooteshwa maabara wakakuta bakteria aina ya E. coli, sugu kwa dawa nyingi. Mama si mtu wa kumeza dawa ovyo, sasa mwili wake umezoeaje? Jirani anatushauri tununue dawa ya kusafisha damu ili mwili uanze upya.

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Hiyo dawa ya kusafisha damu msiinunue. Wauza chupa wanakula kwa kosa hili hili ninaloulizwa kila wiki: eti mwili umezoea dawa. Mwili hauzoei antibayotiki. Wanaokuwa sugu ni bakteria, nao wanahama. Mtu asiyewahi kumeza hata kidonge kimoja anaweza kuugua kwa bakteria aliyekomazwa na dawa za wengine.

Mama huenda aliwapata wodini, kwa mikono ya waliomhudumia. Au alikwenda nao kutoka nyumbani, wametulia tumboni bila kumdhuru, mpira ukawapa njia ya kufika kwenye kibofu. Dawa yake ichaguliwe kwa majibu ya kuotesha, na kila siku muulizeni daktari kama mpira bado unahitajika. Mkimwaga mkojo, nawieni sabuni.

Usugu wenyewe pia unahama. Bakteria humpa mwenzake nakala ya jeni, yaani maelekezo ya kuishinda dawa, hata kama si wa aina moja. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni ya mcr-1, inayoshinda kolistini, dawa ya akiba hospitalini. Waliikuta kwa nguruwe, kwenye nyama ya dukani na kwa wagonjwa. Kolistini ilikuwa ikichanganywa kwenye chakula cha mifugo ili inenepe, mpaka China ilipokataza mwaka 2017.

Na sisi je? Mfugaji anamimina antibayotiki ya oksitetrasaiklini kwenye maji ya kuku wazima, eti wasije wakaugua. Mbolea ya banda inakwenda kwenye bustani ya mchicha, mvua inaisomba hadi mtoni, na maji hayo hayo yanamwagilia mboga za sokoni.

Halafu kuna duka la dawa linalokukatia vidonge vinne vya amoksilini kwa mafua. Hili linaniudhi kuliko yote. Mafua ni virusi, vidonge hivyo haviwagusi. Vinachoua ni bakteria dhaifu wa tumboni, vikiwaachia nafasi walio sugu, na hao watatoka na choo chako.